Hati ina jina lake, ndoa imevunjika: jinsi ya kudai mgao wako

Kina mama wengi hapa Mwanza, hasa wale wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, wanajua kabisa nyumba imejengwa kwa hela ya nani, ila ndoa ikivunjika wanafungasha nguo na kubeba watoto wanaondoka, kisa hati ina jina la mwanaume. Inaniuma sana maana sheria haisemi hivyo.

Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma wote, na inaangalia kila mtu amechangia nini, iwe hela, mali au kazi. Alafu 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ila Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, mahakama iliona hela ya mradi aliyopewa na mumewe aliitumia vibaya. Kwa hiyo usiende na maneno matupu.

Ushahidi unaanza kukusanya sahivi, sio siku umefukuzwa. Ile kauntabuku unayoandika magunia ya dagaa na nani anadaiwa usiitupe, ukitoa hela ya saruji andika humohumo tarehe na kiasi. Risiti ya hadwea omba iandikwe jina lako. Miamala ya simu uliyomtumia fundi, daftari la kikoba lenye ule mkopo mlioezekea bati, vyote piga picha umtumie ndugu unayemwamini maana karatasi za ndani huwa zinachomwa. Na fundi aliyekuwa anapokea hela mkononi mwako ni shahidi mzuri kuliko hata shangazi.

Ukisikia mumeo anataka kuuza nyumba mnayoishi, kifungu cha 59 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinamkataza kuiuza bila ridhaa yako. Kama ina hati, nenda kwa msajili wa hati ukaweke zuio. Kama kiwanja hakijapimwa, kama vingi vya huku milimani, wahi kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ya kupinga isiuzwe, nakala mbili, moja abaki nayo, yako aigonge mhuri, kwa sababu mauziano mengi yanapitia kwake.

Kesi yenyewe inaanzia baraza la usuluhishi, la kata au la dini yenu. Baraza haligawi mali, wakishindwa kuwapatanisha unachotaka kwao ni fomu namba 3, ile inayothibitisha usuluhishi umeshindikana, ndo unaenda nayo Mahakama ya Mwanzo na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Kwenye madai taja kila mali, na matunzo ya watoto usisahau.

Huna cheti cha ndoa? Mkiwa mmeishi miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinakubeba.

Wazee wakikwambia mwanamke hana ardhi, waambie hapahapa Mwanza, Mahakama Kuu, 1990, Jaji Mwalusanya aliamua Holaria Pastory wa Kagera ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake sawa na mwanaume, na sheria za ardhi za 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Ila shamba alilorithi mumeo kabla hajakuoa hilo hamkulichuma pamoja, hapo dai kile ulichokiendeleza: nyumba mliyojenga juu yake, miti, kisima.