Fundisha "sorry" kabla ya kufundisha wafalme

Nafundisha Kiingereza hapa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, darasa la jioni. Wanafunzi wangu karibu wote wanaongea Kiswahili: Wakongo, Warundi, na Watanzania wachache. Wengi huja wameshika kitabu cha mtihani wa uraia, ule wa maswali 24 kwa dakika 45, ambao hupiti mpaka upate 18. Wanajua Magna Carta, ule mkataba wa kumwekea mfalme mipaka, ni ya 1215 na vita vya Hastings ni vya 1066. Lakini mama mmoja alifika mapokezi ya kituo cha afya akasema "I want doctor", na yule wa mapokezi akabadilika uso. Ukiwa mwalimu wa watu kama hawa, anza na maneno madogo wanayojikwaa nayo kila siku. Mila nyingi za Waingereza zimo humo humo.

Chukua "sorry", ulitengee kipindi kizima. Sisi tuna pole na tuna samahani, wala hatuchanganyi. Mwingereza ana neno hilo moja na analitumia kutwa nzima. Akikukanyaga, sorry. Ukimkanyaga wewe, yeye pia atasema sorry. Asiposikia vizuri atasema "Sorry?" kwa sauti ya kupanda, na akitaka apishwe ndani ya basi, sorry tena. Mwanafunzi akishayaona yote hayo anaamua kwamba ndiyo pole yetu, na hapo ndipo anapopotea. Mmoja wangu anafanya kazi ghalani. Mwenzake aliangusha boksi, naye kwa utu wake akasema "Sorry!" Yule akamshangaa: "Why? It wasn't you." Alikuja darasani jioni hiyo moyo umemuuma, akidhani pole yake imekataliwa. Kumbe sorry tupu mahali pale inasikika kama mtu anakiri kosa.

Niliwaandikia ubaoni. Aliyejikwaa au kuangusha kitu: "Oh no! Are you all right?" Anayeumwa: "I'm sorry to hear that." Aliyefiwa: "I'm sorry for your loss." Kisha nikawasimamisha wawili wawili, mmoja anaangusha daftari, mwenzake anaitikia, mpaka midomo ikazoea. Pole na kazi haina mwenzake katika Kiingereza. Waambie wazi, wasihangaike kuitafuta.

Baada ya hapo ingia kwenye kuomba. Kiswahili kinaweka adabu ndani ya kitenzi chenyewe: naomba maji, nipatie kalamu, unisaidie. Mtu akitafsiri neno kwa neno anapata "Give me water", adabu yote imebaki njiani. Mwonyeshe kwamba Mwingereza anaanza na "Could I" na kumalizia na "please". Mimi husogeza meza mbili karibu na mlango ziwe kaunta, mwanafunzi mmoja anakaa nyuma yake, na sharti ni moja: asiyesema "please" hahudumiwi. "Could I book an appointment, please?" Yule mama aliirudia mara kumi na kitu, na wiki iliyofuata akaniambia safari hii alipewa nafasi, akapewa na tabasamu.

Salamu isikuchukulie muda mwingi, Mswahili anaijua tayari. "You all right?" ni hujambo, na hata mgonjwa hujibu sijambo. Atajibu "Yeah, you?" na safari inaendelea. Kigumu ni kukosa shikamoo. Vijana wanaona haya kumwita msimamizi mwenye mvi kwa jina lake la kwanza, na wazee wanaona wamevunjiwa heshima dereva wa basi anapowaita "love". Waeleze kwamba hapa Yorkshire, eneo letu la Leeds, neno hilo ni ukarimu tu, kama "duck" kule Nottingham na "pet" kule Newcastle.

Kuna mitego mingine midogo ya kupitia haraka. "Half seven" ni saa moja na nusu, si saa saba na nusu. Wengi wa huku kaskazini wakikualika "tea" wanamaanisha chakula cha jioni, kwa hiyo usiende umeshiba. Na anayesema "You must come round sometime" bila kutaja siku hajakualika bado, mwanafunzi asikae akingoja.

Sikukuu zifundishe kabla hazijafika, na uje na kitu mkononi. Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu naleta chapati za maji, limau na sukari, maana ndicho wanachokula Waingereza siku hiyo. Novemba naleta ua jekundu la karatasi, la kuwakumbuka waliokufa vitani, tunajaribu kukaa kimya dakika mbili, ili tarehe 11 saa tano asubuhi wasishtuke dukani wakiona watu wamesimama tuli.

Tarehe nisiyothubutu kuiruka ni 5 Novemba. Mwaka wangu wa kwanza sikuitaja. Mama mmoja wa Kivu, kule Kongo kwenye vita, akanieleza baadaye kwamba usiku ule aliwalaza wanawe sakafuni, mbali na dirisha, godoro wamejifunika, mpaka milio ikaisha. Zilikuwa fataki, na hakuna aliyemwambia, hata mimi mwalimu wake. Tangu hapo, katikati ya Oktoba naonyesha video bila sauti, kisha naifungua kidogo kidogo, na anayetaka kutoka anatoka. Nawasimulia habari ya 1605 inayokumbukwa kwa fataki hizo: Guy Fawkes alivyokamatwa akilinda mapipa 36 ya baruti chini ya jengo la Bunge, London, kabla hayajalipuliwa ili kumuua Mfalme James wa Kwanza. Nawapa na sheria, maana inawatuliza: siku za kawaida fataki haziruhusiwi baada ya saa tano usiku, na usiku huo mwisho ni saa sita. Halafu tunajifunza sentensi ya kwenda nayo kwa jirani: "Could you tell me when you're letting off fireworks, please? My children get scared."

Mama yule wa Kivu aligonga nayo milango mitatu. Jioni ya tarehe 5 jirani mmoja akaja kumgongea yeye: "We're starting now, love."