Somo: Kumwandikisha mzee kwenye chama cha wazee cha mtaani

Chama cha wazee hakilipi pensheni. Faida zake ni akiba ambayo mzee anaifikia bila kumpigia simu mtoto, mkono wa haraka siku ya ugonjwa au msiba, na watu wa kumuulizia asipoonekana. Hiyo ya mwisho watu huidharau, kumbe ndiyo inayomtoa mzee nyumbani siku ya kikao.

1. Katiba kwanza, kiingilio baadaye. Isomwe yote kwa sauti. Sikiliza hasa anayejitoa anarudishiwa nini, na hisa za marehemu, yaani akiba aliyokuwa akiiweka kila kikao, anapewa nani. Pasipo hilo la pili, matanga yataishia baraza la kata.

2. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Lile la "Babu wa Darajani" lisiingie daftarini. Andikisha mrithi, na mwingine wa kushika nafasi yake.

3. Hisa zifuate shamba. Huku Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, hela inaonekana baada ya mavuno, kuanzia Juni. Januari hadi Machi ghala linapungua na watu wako kwenye palizi. Mkidai kiwango kilekile mwaka mzima, mzee atakwama Februari, ataona haya, hatarudi. Hisa ikiwa shilingi 1,000, ruhusuni hisa 1 hadi 5 kwa kikao, na miezi ya njaa moja itoshe. Watu 20 wakiweka hisa 2 kila mmoja, kwa vikao 8 mna 320,000. Hela hizo ndizo mnazokopeshana; mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mkopaji.

4. Mfuko wa jamii, yaani hela za ugonjwa na msiba, ukae kwenye mfuko wake wa kitambaa, mathalani shilingi 500 kwa kila mtu kila kikao. Huu haukopeshwi. Ukichanganywa na hisa, siku ya msiba hela zote ziko kwa wakopaji.

5. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mtunza sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Hesabu ifanyike mbele ya wote, na kila mtu aondoke na salio kichwani. Kikao kijacho mkianza kwa kuuliza "tuliacha shilingi ngapi?", daftari likichezewa litajulikana palepale.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo. Bibi yangu hajui kusoma. Ataibiwa?
Jibu: Marahaba. Tumieni kitabu cha mihuri, hisa moja muhuri mmoja. Anahesabu kwa kidole, na nafasi zisizotumika zinakatwa kwa mstari kabla kitabu hakijafungwa.

Swali: Kiongozi anadai 10,000 ili mama apate kitambulisho cha matibabu ya wazee. Ni sawa?
Jibu: Si sawa, msitoe. Matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza ni utaratibu wa serikali, hauhitaji uanachama. Anzeni ofisi ya mtaa au kijiji, kisha ustawi wa jamii wa halmashauri.

Swali: Tuhifadhi hela kwenye simu ya mwenyekiti? Sanduku linatutia hofu.
Jibu: Laini ni ya mtu mmoja. Akifariki, hela zenu zinaingia kwenye mirathi yake. Hela zikizidi mahitaji ya mwezi, fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu.

Swali: Mshika ufunguo akisafiri?
Jibu: Aukabidhi kwa mwanachama aliyetajwa kwenye katiba. Asimpe mtunza sanduku, hata kama ni mkewe.