Nyonga Mpya: Kutoka Magongo Hadi Mwendo wa Kawaida

Wiki ya kwanza baada ya kubadilishiwa nyonga, mtu huogopa hata kujigeuza kitandani, kwa hiyo hukosea mara chache. Makosa huanza wiki ya nne au ya sita, maumivu yakishapoa na mtu akajiona amepona. Maumivu ya zamani yalitokana na gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) lililolika, na daktari ameliondoa. Misuli ya makalio, iliyodhoofika kwa miaka ya kuchechemea kisha ikaguswa na kisu, bado ni dhaifu vilevile. Kazi ya miezi 3 ya kwanza ni kuisubiri misuli hiyo na kuifundisha upya.

Kabla ya kutoka hospitali

Uliza mambo 3, na uyaandike. Je, nyonga ilifunguliwa kwa nyuma, kwa ubavuni au kwa mbele? Mguu unaruhusiwa kubeba uzito wote, au sehemu tu? Kuna makatazo gani, na yanaisha lini?

Jibu la swali la kwanza ndilo linaloamua mengi. Aliyefunguliwa kwa nyuma kwa kawaida huambiwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asivushe mguu upande wa pili wa mwili, na asigeuze kidole gumba cha mguu kuelekea ndani. Mikao hiyo, hasa ikiungana, ndiyo inayoweza kulichomoa tufe la nyonga mpya kwenye kikombe chake. Aliyefunguliwa kwa mbele hatari yake iko kinyume: kuurusha mguu nyuma sana huku umegeukia nje. Kwa hiyo usiazime masharti ya jirani aliyefanyiwa upasuaji kama wako, kwani huenda wake ulipita njia nyingine. Masharti mara nyingi hudumu wiki 6 hadi 12. Madaktari wengine siku hizi hawatoi makatazo yoyote.

Nyuzi 90 si nyingi. Ukiketi kwenye kochi la chini, magoti yakapanda juu ya nyonga, umeshazipita. Ukiinama kuokota kitu ukiwa umeketi, umezipita. Kuketi kwenye choo kifupi, kuchutama na kukunja nne navyo ni hivyohivyo.

Nyumba

Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, na kimo chake kiyaache magoti chini kidogo ya nyonga. Kama ni kifupi, weka mto mgumu. Sponji laini hubonyea na kukurudisha kulekule. Choo kiinuliwe kwa kiti cha kuongezea kimo. Mikeka midogo, zulia linalokunjika pembeni na nyaya za umeme zinazokatiza njia viondolewe. Kujikwaa si jambo dogo: unapotembea kawaida nyonga hubeba zaidi ya mara 2 ya uzito wa mwili, na mtu anapojikwaa mzigo huo umewahi kupimwa ukafika zaidi ya mara 7.

Kuketi: rudi nyuma hadi miguu iguse kiti, tanguliza mguu wa upasuaji mbele, shika mikono ya kiti, kisha jishushe taratibu. Kuinuka ni vivyo hivyo: jisukume kwa mikono ya kiti. Usijivute kwa magongo. Nguo huanza mguu wa upasuaji wakati wa kuvaa, na humalizia kwake wakati wa kuvua. Usiketi zaidi ya dakika 45 mfululizo.

Kutembea

Wengi husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake. Mpangilio ni gongo, mguu wa upasuaji, kisha mguu mzima. Hatua ziwe sawa kwa urefu. Mgonjwa hupenda kuharakisha mguu mzima ili asikae juu ya ule mwingine, na tabia hiyo ikishazoeleka kuiondoa ni kazi kuliko kuizuia. Kanyaga kisigino kwanza.

Nyumbani anza na dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku. Ongeza dakika chache kila baada ya siku kadhaa, ukilenga dakika 20 hadi 30 mara 2 kwa siku kufikia wiki ya sita. Kipimo ni asubuhi inayofuata: maumivu yakiwa yamezidi ya jana, au mguu umevimba kuliko kawaida, rudi kwenye kiasi cha awali kwa siku mbili.

Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza. Mguu wa upasuaji hushuka kwanza, pamoja na gongo. Mguu mzima ndio unaofanya kazi ya kuinua mwili na kazi ya kuushusha.

Ukihamia kwenye mkongojo mmoja, ushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Watu wengi hushika upande unaouma, na huonekana kama ndivyo akili inavyotaka, lakini sivyo. Ukiwa juu ya mguu wa upasuaji, misuli ya ubavuni mwa nyonga hiyo huvuta kwa nguvu ili kiuno kisianguke upande wa pili. Mkongojo ulio upande wa pili hukishikilia kiuno hicho kwa chini, misuli ikapumzika. Ukiwa upande uleule, hausaidii kitu zaidi ya kukuinamisha.

Kuacha mkongojo kusiamuliwe na kalenda. Simama mbele ya kioo, gusa meza kwa kidole, inua mguu mzima. Kiuno kikibaki sawa kwa sekunde 10 bila mwili kuegama, anza kuuacha ndani ya nyumba. Kiuno kikishuka, endelea nao. Hakuna aibu kuushika hadi wiki ya nane. Kuchechemea bila mkongojo ndiko kunakoharibu.

Mazoezi

Tangu siku ya kwanza: chezesha kifundo cha mguu juu na chini mara 10 kila saa ukiwa macho, ili damu isilale miguuni. Kaza misuli ya mbele ya paja kwa sekunde 5, kisha makalio sekunde 5, mara 10 kila moja. Telezesha kisigino kitandani kuelekea makalio bila kuvuka nyuzi 90. Fanya seti hiyo mara 3 kwa siku.

Ukiweza kusimama vizuri, shika kaunta na peleka mguu pembeni mara 10, vidole vikitazama mbele na kiwiliwili kikiwa wima. Hili ndilo zoezi la thamani kuliko yote hapa, na ndilo linaloharibiwa zaidi: mtu huegemea upande mmoja na mguu ukaonekana umeenda mbali, kumbe kiuno ndicho kilichopinda. Sentimita 15 safi zinatosha. Baada ya wiki ya sita, mtaalamu wa fiziotherapia akikubali, ongeza kuinua kiuno ukiwa chali na kupanda kidato cha sentimita 10, kisha 15.

Usilale na mto chini ya goti kutwa. Unastarehesha, ndiyo, lakini misuli ya mbele ya nyonga hujikunja, na baadaye utatembea umeinama.

Mambo yanayotisha bure, na yasiyo ya kungojea

Uvimbe wa mguu unaoongezeka jioni ni wa kawaida kwa miezi 3 hata 6. Lala na unyanyue mguu. Kuhisi mguu wa upasuaji umerefuka nako ni kawaida mwanzoni, kwa sababu misuli imekaza na kiuno kimezoea kuinama. Usikimbilie soli ya kuongezea kimo kabla ya miezi 3. Utakifundisha kiuno kubaki kimepinda.

Shavu la mguu likiuma, likawa la moto na kuvimba ghafla, wasiliana na hospitali siku hiyohiyo. Kukosa pumzi au kuumwa kifua ni dharura ya papo hapo: huenda damu iliyoganda imefika mapafuni. Dawa za kuzuia damu kuganda hunywewa au huchomwa kwa wiki kadhaa, na zimalizwe zote hata ukijisikia mzima. Kidonda kinachotoa majimaji, wekundu unaosambaa au homa, piga simu. Maumivu makali ya ghafla, mguu ukafupika au kugeuka na kushindwa kukanyaga, ni dalili kwamba nyonga imechomoka: usijaribu kuirudisha.

Kurudi kwenye shughuli

Kuendesha gari huchukua takribani wiki 6. Sharti ni uweze kukanyaga breki ya ghafla bila kusita, na usiwe unatumia dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi. Ukiwa abiria, rudisha kiti nyuma, keti kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili pamoja. Mfuko wa plastiki juu ya kiti hurahisisha kuzunguka.

Kazi ya mezani, karibu wiki 6. Kazi ya kubeba na kupanda, miezi 3 au zaidi. Tendo la ndoa, wengi huruhusiwa karibu wiki ya sita, kwa mikao isiyovunja masharti yako. Swali hili daktari amelisikia mara nyingi, liulize tu.

Baiskeli ya kusimama inafaa mapema kiasi, kiti kikiinuliwa juu. Kuogelea kunangoja kidonda kifunge kabisa, na mtindo wa kupiga teke kama chura uachwe hadi uruhusiwe. Kutembea mlimani, gofu na tenisi ya wawili wawili hurudi kati ya miezi 3 na 6. Mbio na michezo ya kuruka madaktari wengi hawaishauri, kwa hofu ya kuchakaza kiungo. Tafiti kubwa zinaonyesha kuwa takribani nyonga 6 kati ya 10 hudumu miaka 25.

Hudhuria kliniki za picha ya eksirei hata kama huumwi. Chembechembe za kiungo kinacholika huweza kula mfupa unaokizunguka kimyakimya, na picha huliona hilo kabla mguu haujaanza kuuma.