Kupiga kafi na kulala hemani Boundary Waters: siku nne, watu wanne, mitumbwi miwili

Kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mpakani na Kanada, kuna eneo la Boundary Waters: maziwa zaidi ya 1,000 yaliyohifadhiwa kisheria kama nyika. Sehemu kubwa ya eneo hilo haina barabara wala injini. Ukitokea Minneapolis, ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari hadi mji mdogo wa Ely, na ukishaingia majini unategemea mikono yako na ulichobeba. Kabla ya mengine yote, fikirieni uzito: kati ya ziwa na ziwa kuna vipande vya nchi kavu, na hapo mtumbwi, hema na chakula hubebwa mabegani.

Kibali hutangulia. Kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 kila lango la kuingilia lina idadi maalumu ya makundi ya kulala yanayoruhusiwa kuingia kwa siku, na kibali hukatwa kwenye tovuti ya Recreation.gov kuanzia mwishoni mwa Januari. Tarehe za Julai na Agosti kwenye malango maarufu huisha mapema sana. Kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9 na mitumbwi 4. Kiongozi aliyeandikwa kwenye kibali, au mbadala wake aliyeandikwa pia, lazima awepo safarini na achukue kibali mwenyewe. Kwa hiyo andikeni mbadala tangu mwanzo, maana kiongozi akiugua na hakuna mbadala, safari imekufa. Mtaingia kwa lango lile na siku ile iliyoandikwa.

Tunapendekeza wageni waende wiki mbili za katikati ya Agosti. Juni ina inzi weusi na mbu wengi, na mwanzoni mwa mwezi huo maji bado ni ya baridi ya hatari kwa mtu aliyepinduka. Lango la Lake One, mashariki ya Ely, linawafaa wanaoanza: njia mbili fupi za kubebea mitumbwi hukufikisha Lake Two, na kutoka hapo unaingia Lake Three na Lake Four bila kubeba kitu. Ila Lake One ina ghuba na visiwa vinavyofanana, na watu wengi hupotea saa ya kwanza tu. Aliyekaa mbele ashike ramani ya karatasi na dira, na kila rasi mnayoipita itambuliwe kwenye ramani kabla ya kuendelea. Msitegemee mtandao wa simu.

Mtumbwi wa kukodi wa Kevlar (nyuzi za plastiki, nyepesi na imara), urefu wa futi 17, una uzito wa kilo 19 hivi. Wa alumini hufika kilo 32 na zaidi. Lipeni tofauti hiyo ya bei. Kevlar haipendi mwamba, kwa hiyo mtumbwi hausukumwi hadi ugonge ufukwe: wote mnashuka maji yakiwa ya kifundo au ya magoti, ukiwa bado unaelea, kisha mnaunyanyua. Viatu vitalowa kila siku. Vaa vinavyofunga vidole na kutoa maji, na uwe na jozi kavu ya kambini.

Umbali wa njia za kubebea hupimwa kwa rodi. Rodi moja ni mita 5, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Njia ya rodi 100 ni mita 500, lakini mkishindwa kubeba kila kitu kwa mkupuo mmoja mtakwenda, mtarudi, kisha mtakwenda tena: kilomita moja na nusu kwenye mawe na tope. Ndiyo maana kila watu wawili wawe na mabegi mawili makubwa tu na mtumbwi mmoja. Mmoja hubeba begi zito, mwingine mtumbwi na begi jepesi. Kuunyanyua: mtumbwi ukiwa umepinduliwa juu chini, mwenzako anainua omo (mbele ya mtumbwi) juu huku tezi (nyuma yake) ikibaki chini, wewe unaingia chini yake hadi nira, yaani ubao wa katikati wa kubebea, itue mabegani, naye anaachia taratibu. Tembea omo ikiwa imeinuka kidogo ili uone njia. Vitu vinavyoning'inia, kama chupa, kofia na makafi, ndivyo hubaki vichakani. Vifungeni au viingie begini.

Majini, aliye mbele huweka mwendo na aliye tezi huelekeza, kila mmoja upande wake. Mtumbwi ukikataa kunyooka, aliye tezi amalizie pigo kwa kugeuza kidole gumba cha mkono wa juu kielekee chini na kusukuma kafi nje kidogo. Mabegi yalale chini kabisa, katikati. Upepo ukitoka mbele, sogeza uzito kidogo omoni, la sivyo omo itapeperushwa pembeni. Ukitoka nyuma, uzito urudi tezi. Mawimbi yakianza kuvunjika, pigeni magoti na mfuate ukingo wa ziwa. Upepo kwa kawaida huzidi mchana, kwa hiyo ziwa kubwa livukeni asubuhi mapema. Jaketi la kuokolea livaliwe muda wote, hata na waogeleaji hodari. Ngurumo ikisikika, tokeni majini mara moja.

Kambi hupigwa tu penye wavu wa chuma wa kuokea na choo cha porini. Ramani huzionyesha kwa nukta nyekundu. Hakuna kuweka nafasi, hivyo tafuteni yenu kufikia saa nane mchana. Kabla ya kusimamisha hema tazameni juu: mti mkavu ulioegemea ukianguka usiku hauna msamaha.

Chupa za kioo na makopo ya chakula ni marufuku. Hamishieni kila kitu kwenye mifuko ya plastiki. Ugali unafaa sana hapa: gramu 200 za unga kwa mtu kwa mlo, pamoja na dengu nyekundu zisizo na ganda zinazoiva kwa dakika 20. Maharage yaacheni nyumbani, yanakula gesi. Dagaa wakavu ni wepesi na wana nguvu, ila harufu yao humwita dubu, hivyo wafungeni mara mbili. Chakula chote, takataka na dawa ya meno vikae kwenye chombo kigumu kilichothibitishwa kuzuia dubu, mbali na hema, au vining'inizwe karibu mita 4 juu na mita 2 kutoka kwenye shina. Chombo hicho ni bora: mti wenye tawi linalofaa haupatikani kila kambi. Vyombo vioshewe mita 45 kutoka ziwani. Maji ya kunywa yachujwe au yachemke dakika moja.

Usiku wa mwisho laleni umbali wa saa moja au mbili kutoka langoni, ili upepo wa siku ya kurudi usiwazuie. Mkifika, mwageni maji yote, ondoeni majani yaliyong'ang'ania mtumbwi, na mkaguane kupe nyuma ya magoti na kwenye nywele kabla ya kuingia garini.