Akina mama wa vikapu Iringa na vyungu vya Wakisi, sajilini alama yenu

Kikapu cha nyasi za milulu kilichosukwa Iringa kinajulikana kwa msuko wake uliobana, na ndiyo maana kinaigwa. Msisubiri jina liporwe. Sajilini kikundi kwanza, kisha mpeleke BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, maombi ya alama ya biashara kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Neno "Iringa" peke yake halitoshi, ni jina la mahali na kila mtu analo. Ongezeni mchoro wenu na jina la kipekee. Ulinzi ni miaka 7, halafu mnahuisha kwa miaka 10 kila mara. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kule Matema kando ya Ziwa Nyasa, nanyi pia! Wekeni kabisa kumbukumbu ya maandishi: udongo unachimbwa wapi na chungu kinachomwaje.