Tunga wimbo kwanza: namna ya kuandika riwaya ya wapenzi wanaorudiana

Riwaya yangu ya kwanza ya wapenzi walioachana niliiandika yote, kisha nikachomeka nyimbo baadaye. Wasomaji waliniambia waliziruka, na walikuwa na haki, maana hata ukizitoa hadithi ilibaki vilevile. Tangu hapo naanza na wimbo.

Hatua ya 1: Chagua muziki unaoujua kwa ndani

Mimi nachukua taarabu ya Tanga ya miaka ya 1970, enzi za makundi ya Black Star na Lucky Star, gitaa na besi zikisikika pale masikio yalipozoea udi na fidla. Taarabu husema kwa mafumbo. Mwimbaji hamtaji mtu, lakini aliyekusudiwa anajijua, na jirani yake pia anajua. Wapenzi wasiosemeshana wanaweza kugombana na kuombana radhi mbele ya ukumbi mzima bila kuvunja heshima. Hapo ndipo utamu wa riwaya hii ulipo.

Hatua ya 2: Tafuta kosa la kweli

Usiwatenganishe kwa barua iliyopotea. Kosa ambalo swali moja lingelimaliza halibebi kurasa 200. Tuseme Salim, mpiga gitaa, na Zuhura, mwimbaji, walitunga wimbo pamoja. Salim akaenda nao Mombasa, na alipoulizwa mtunzi nani akajitaja peke yake. Miaka tisa imepita. Sasa amerudi, na kundi linawataka watunge wimbo wa harusi.

Hatua ya 3: Tunga beti zote kabla ya sura ya kwanza

Fuata mizani (silabi) 16 kwa mshororo, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili, na vina viwili. Hesabu kwa vidole huku ukisoma kwa sauti, jicho hudanganya. Huu ndio ubeti anaouleta Salim:

Nilikuacha bandari, nikenda bila kulonga,
Jahazi likasafiri, moyo ukabaki Tanga,
Leo narudi kukiri, kosa langu la ujinga.

Vina vimekaa, mizani imetimia. Ila Salim anasema uongo: hakukosea kwa ujinga.

Hatua ya 4: Wapatane ndani ya masahihisho

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Zuhura anasoma karatasi kimya. Anachukua penseli, anakata utao wa mwisho, anaandika juu yake: "si ujinga, ni kuringa". Mizani nane ileile, kina kilekile. Hajamtukana wala hajamsamehe. Amemwambia tu kwamba hatauimba wimbo huu mpaka wimbo wenyewe useme kweli.

Andika tukio hilo polepole. Penseli imechongwa kwa wembe, chai inapoa, Salim anahesabu mizani kimoyomoyo akitafuta pa kubishia, na hapati. Kila ubeti uwe na neno moja linalogombaniwa hivi, na kila neno likikubaliwa, jambo moja la zamani litoke hadharani. Ukifanya hivyo huhitaji sura ndefu za kukumbuka yaliyopita.

Hatua ya 5: Wape watu wa pembeni masikio

Shangazi, mpiga besi, bibi harusi mwenyewe: kila mmoja alisikie fumbo kwa namna yake. Wawili watatu wanatosha.

Hatua ya 6: Malizia kwa kutunza

Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na mshororo huinuka na pesa akamtunze mwimbaji, na ukumbi wote huona ni mshororo gani uliomwinua. Kwa kawaida ni wageni wanaoinuka. Basi ubeti ule ukifika, Salim aweke gitaa kitini, besi iendelee peke yake, apite katikati ya wageni na noti mkononi. Zuhura aipokee bila kukatiza wimbo, kisha aurudie utao ule mara ya pili: si ujinga, ni kuringa.