Somo: Kujenga Upya Duka la Mtandaoni Lililolemewa na Marekebisho, Bila Kupoteza Taarifa

Somo hili linawahusu wenye maduka ya WooCommerce (programu ya duka inayofanya kazi ndani ya WordPress) ambayo kila fundi aliyepita ameongeza la kwake, hadi ukurasa wa malipo umekuwa mzito hata kwa mteja mwenye simu nzuri. Tuchukue mfano wa duka la Mtwara Mjini linalouza korosho zilizobanguliwa za madaraja ya W180, W240 na W320. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam mwezi Mei 2024, duka liliongezewa msimbo wa kuwatahadharisha wateja kwamba mizigo itachelewa. Barabara ilitengenezwa, lakini msimbo ulibaki, na hadi leo unakagua anwani ya mteja kila ukurasa unapofunguka. Maduka huzeeka hivyo.

Hatua ya kwanza ni nakala rudufu, yaani hifadhidata nzima pamoja na folda ya wp-content yenye picha zote, zikihifadhiwa nje ya seva ya duka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa mahali pengine ikafunguka ihesabiwe kuwa haipo. Ukiirejesha, hilo ndilo duka lako la majaribio. Kabla ya kuligusa, zima barua pepe, ujumbe wa simu, kazi zinazojiendesha zenyewe na funguo za malipo (namba za siri zinazounganisha duka na kampuni ya malipo), la sivyo mteja wa Masasi atajulishwa kuhusu oda aliyoipokea mwaka juzi.

Hatua ya pili ndiyo inayotaka subira. Kwa kila rekebisho, jiulize kama linaandika taarifa katika hifadhidata au linapamba tu. Katika duka letu, fundi aliandika mistari ndani ya faili la functions.php la mandhari (theme, yaani sura ya duka) ili daraja alilochagua mteja lihifadhiwe katika jedwali la wp_woocommerce_order_itemmeta, chini ya ufunguo (jina la taarifa) _daraja_korosho. Mandhari ikibadilishwa, taarifa hizo hazifutiki, ila hazionekani tena kwenye ukurasa wa oda anaouona mteja wala kwenye barua pepe za oda, kwa sababu ufunguo unaoanza na mstari wa chini hufichwa humo, na mistari iliyokuwa ikiuonyesha imeondoka. Mwenye duka anayetegemea barua pepe hizo ataapa kwamba taarifa zimepotea, na mpakiaji hatajua aweke W240 au W320. Basi orodhesha funguo zote za namna hiyo kabla ya kuondoa chochote. Kumbuka pia kwamba kuzima programu-jalizi (plugin, yaani programu ndogo ya nyongeza) si sawa na kuifuta, kwani baadhi yake zikifutwa huondoka na majedwali yao.

Hatua ya tatu ni kupima uzito ulipo badala ya kubahatisha. Programu-jalizi ya Query Monitor itakuonyesha ni ombi lipi la hifadhidata linalochelewesha ukurasa. Angalia pia jedwali la wp_options, ambamo mabaki ya programu zilizoondolewa huendelea kupakiwa katika kila ukurasa. WordPress yenyewe huonya jumla ya vinavyopakiwa hivyo ikizidi kilobaiti 800. Tangu toleo 8.2 la Oktoba 2023, maduka mapya ya WooCommerce huweka oda katika majedwali yake maalumu, lakini ya zamani hubaki na majedwali ya jumla ya WordPress, wp_posts na wp_postmeta, hadi mwenyewe aamue kuhama. Kuhama huko kuna faida, ila ningehama siku nyingine kabisa, ili hitilafu ikitokea ujue imetoka wapi.

Katika ujenzi wenyewe, wengi huanza na duka tupu kisha huingiza bidhaa kwa faili la CSV (orodha ya safu kama za Excel). Sikubaliani na njia hiyo kwa duka lenye historia, kwa kuwa faili hilo hubeba bidhaa bila oda, na bidhaa zikipata namba mpya, oda za zamani hukosa zinachorejelea. Ni afadhali kusafisha nakala ya hifadhidata, kuweka mandhari nyepesi, na kukusanya marekebisho yanayohitajika kweli katika programu-jalizi moja ndogo ya duka. Kila unachosafisha kiandike kwa mpangilio, kwa sababu utakirudia.

Usiku wa kuhama, ambao kwa duka letu usiwe Oktoba wakati minada inaanza na wateja wanaulizia korosho mpya, funga malipo ya duka la zamani, chukua nakala mpya, kisha rudia hatua zote ulizoandika. Kwa njia hiyo oda zilizoingia wakati unajenga hazipotei wala hazigongani na oda za majaribio. Linganisha idadi ya oda kwa kila hali, jumla ya mauzo ya kila mwezi, wateja na akiba ya ghala. Kisha fungua oda chache za zamani kando kwa kando, hasa zilizorejeshewa fedha, na uhakikishe kumbukumbu ya muamala wa simu ipo. Anwani za kurasa zilizobadilika zielekezwe kwa 301, yaani alama ya kuhama moja kwa moja inayompeleka mgeni kwenye anwani mpya.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Shikamoo mwalimu. Je, wateja watalazimika kuweka nywila mpya?

Jibu: Marahaba. Jedwali la wp_users likihamishwa zima ndani ya WordPress, wataingia kama kawaida. Ukihamia mfumo mwingine kama Shopify, nywila hazihamishiki, hivyo waarifu mapema.

Lindi: Kaka, oda za miaka ya nyuma ni nyingi mno. Nizifute?

Jibu: Hapana, dada. Sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikuruhusu kukaa na taarifa za watu kuliko inavyohitajika. Kwa oda zilizopita muda huo, WooCommerce ina mpangilio wa kuondoa majina na namba za simu huku kiasi cha mauzo kikibaki.

Newala: Faili la hifadhidata hukatika kila nikilipakia kupitia phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia hifadhidata kwenye kivinjari).

Jibu: Usilipitishe kwenye kompyuta yako kabisa. Ingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuiamrisha kutoka mbali), litoe kwa amri ya mysqldump, libane, kisha litume moja kwa moja kwenye seva mpya. Intaneti yako itabeba amri tu.